Mapaja Ndiyo Yamekwisha

Januari ile nilishindwa kubeba debe la mahindi. Tena si mbali, ni kutoka mlangoni kwa mama hadi mashine ya kusaga, hatua labda mia tatu. Zamani debe nililiweka begani huku naongea na simu. Safari hii nilifika kwenye mikaratusi ya jirani, mikono ikaanza kutetemeka, nikalitua. Mtoto wa shangazi, wa kidato cha pili, akalichukua bila kusema neno. Mama alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Jioni, tukiwa jikoni, akaniambia, "Baba, umedhoofu."

Nilikasirika, sitadanganya. Miezi minne nilikuwa nasubiri mtu aniambie nimepungua. Agosti nilikuwa na kilo 88, sukari iko juu, na nesi ameniambia nipunguze uzito kabla mambo hayajawa makubwa. Hakuhitaji kunieleza hayo makubwa ni yapi. Baba aliondoka na kisukari, mguu mmoja ukiwa umemtangulia. Kwa hiyo niliingia vitani. Asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana kipande cha papai, usiku kabichi. Maharage niliacha kwa sababu mtu fulani ofisini alisema yananenepesha. Yaani mtu anaishi Sumbawanga, maharage yamejaa sokoni, halafu anayakimbia! Desemba mizani ikasema kilo 78. Nikajipongeza.

Waliobaki hawakunipongeza. Si unajua kwetu mtu akikonda ghafla maswali ni mawili: anaumwa, au amelogwa? Sisi wa Sumbawanga la pili tumelizoea, maana hata jina la mji wenyewe husemwa lina maana ya kutupa uchawi. La kwanza lina historia nzito zaidi. Ukimwi ulipoanza kuonekana Uganda watu waliuita "Slim", na kizazi cha mama kilizika watu wengi waliokwisha namna hiyo. Kwa hiyo mama aliposema nimedhoofu hakuwa ananichokoza. Alikuwa anaogopa.

Lakini neno lake lilinikaa. Kiswahili kina maneno mengi kwa jambo hili na hayalingani. Kupungua unaweza kukutamani. Kukonda kunategemea anayesema na anavyokutazama. Kudhoofu, kusinyaa, kunyong'onyea, hayo hayasemwi kwa furaha. Mizani ina neno moja tu, kilo, na haikuambii ni kitu gani kimeondoka.

Aliyeniambia ni fundi cherehani. Nilimpelekea suruali tatu azibane, nikitegemea atashangaa kiuno. Akanizungusha futi kamba, akaandika kwenye daftari lake, akapima tena. "Kaka, kiuno kimeshuka sentimita tatu tu," akasema. "Mapaja ndiyo yamekwisha."

Wiki hiyo hiyo nikaazima mizani ya mwenzangu, ile unayosimama peku ikapitisha umeme mdogo mwilini. Umeme unapita vizuri penye maji, kama kwenye misuli, na unakwama kwenye mafuta, basi mizani inakisia. Ni makisio kweli: ukinywa maji mengi au ukitoka kutoa jasho, namba inabadilika. Ila mwenzangu huyo alikuwa amenipima Agosti kwa mizani ile ile, asubuhi, kabla ya chai. Wakati ule mafuta yalikuwa asilimia 34. Sasa asilimia 33.

Nikakaa na kalamu. Asilimia 34 ya kilo 88 ni karibu kilo 30 za mafuta. Asilimia 33 ya kilo 78 ni karibu 26. Kumbe katika kilo kumi nilizojivunia, mafuta ni nne tu. Sita zilizobaki zilikuwa maji na nyama yangu mwenyewe. Nilirudia hesabu mara tatu, nikitafuta kosa.

Na hapo ndipo nilipoogopa kama mama. Misuli ndiyo mlaji mkubwa wa sukari mwilini. Ukila ugali, sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu inatakiwa kwenda kuhifadhiwa huko. Mimi mwenye kisukari nilikuwa nabomoa ghala huku nalalamika mzigo hauna pa kukaa.

Jambo hili lilishapimwa zamani. Kati ya 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, karibu nusu ya walichozoea, kwa miezi sita. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Waliporudi kula, mafuta yalitangulia kurudi, misuli ikachelewa nyuma. Nikisoma hayo nilijiona: mtu wa njaa, kisha Krismasi, kisha njaa.

Nilichofanya baadaye hakina ajabu. Nilirudi kwa nesi, tukapanga upya, vidonge vikaendelea. Nikarudi kwenye maharage, kila siku, na dagaa wa Tanganyika na yai asubuhi. Ugali wa ulezi sikuuacha, niliupunguza tu, ukubwa wa ngumi. Soda na chapati za ofisini ndizo nilizoziaga, na chapati bado zinaniuma moyo.

Na jembe. Kuanzia Februari, kila Jumamosi nilipanda gari la Matai kwenda kwa mama. Wafipa tuna kilimo chetu cha matuta: mvua zikiwa bado zinanyesha, unakata nyasi na udongo wake, unazifukia kwenye vichuguu vya duara zioze, na msimu unaofuata unavitawanya upande ulezi au mahindi. Ni kazi ya mgongo, mapaja na mabega kwa pamoja. Siku ya kwanza nilifanya matuta sita nikalala chini kwenye unyevu. Mama, na umri wake, alikuwa mbele yangu. Katikati ya wiki nilikuwa napanda vilima vya Mbizi na madumu mawili ya maji mikononi, watoto wakinicheka kwa nini nayapandisha maji huku natoka bombani.

Juni, baridi ya Ufipa ikiwa imeshika, nikapima tena. Kilo 76. Mbili tu kwa miezi mitano! Mimi wa zamani ningetupa mizani. Lakini mafuta yalikuwa asilimia 27, yaani kama kilo 20 na nusu, na kiuno kimefika sentimita 92. Urefu wangu ni 168, na nesi anataka kiuno kisizidi nusu ya urefu, kwa hiyo bado nane. Sukari imeshuka, haijafika tunakotaka.

Suruali zile tatu nikazirudisha kwa fundi. Kiuno kinapwaya, mapaja yanabana. Akafungua daftari, akapima, akaguna. Aligeuza moja ndani nje, akaonyesha kitambaa alichokiacha kwenye mshono wa paja. Mbili nyingine alikuwa ameshazikata.