Mtaka cha Mvunguni: Kris Kristofferson na Thamani ya Elimu

Kris Kristofferson, mtunzi na mwimbaji wa muziki wa kantri, alifariki dunia nyumbani kwake Hawaii tarehe 28 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 88. Muziki huo una wapenzi wengi hapa Afrika Mashariki, hasa Kenya. Mimi humtafakari kwa sababu nyingine: kazi inayonilisha ndiyo kazi aliyoikataa.

Alizaliwa Brownsville, Texas, mwaka 1936, mtoto wa afisa aliyefikia cheo cha jenerali katika jeshi la anga la Marekani. Kwa ufadhili wa Rhodes alisoma fasihi ya Kiingereza Oxford, akavutiwa mno na mashairi ya William Blake. Baadaye aliingia jeshini, akawa kapteni na rubani wa helikopta. Mwaka 1965 alipangiwa kufundisha fasihi katika chuo cha kijeshi cha West Point. Akaikataa nafasi hiyo, akaacha jeshi, akahamia Nashville na kuajiriwa kufagia studio za Columbia. Wazazi wake wakamkana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ni wasomi wangapi tuko tayari kuinama hivyo?

Wanafunzi wangu huniuliza shahada ya fasihi itawapatia kazi gani. Swali lao ni halali; mkopo wa elimu ya juu haulipwi kwa tenzi. Wala siwaambii kwamba kila ashikaye ufagio atakuwa nyota. Kristofferson mwenyewe, ili kuilisha familia yake, alirudia urubani, akawa anasafirisha wafanyakazi wa visima vya mafuta katika Ghuba ya Meksiko. Ndoto yake ilitunzwa na ujuzi aliokuwa nao mkononi.

Ninachowaambia ni kwamba elimu yake haikupotea. Ilihamia ndani ya nyimbo. Aliwaandika walevi, wapweke na watembezi wasio na makao kwa maneno mepesi ambayo dereva wa lori angeyaelewa. Wimbo wake “Sunday Mornin’ Comin’ Down”, ulioimbwa na Johnny Cash, ulitunukiwa kuwa wimbo bora wa mwaka 1970 na Chama cha Muziki wa Kantri. “Me and Bobby McGee”, kwa sauti ya Janis Joplin, ulishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1971, baada ya Joplin kufariki.

Jambo ninaloliheshimu zaidi lilitokea Oktoba 1992 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Sinéad O’Connor, aliyekuwa amechana picha ya Papa kwenye televisheni siku chache kabla, alipanda jukwaani akazomewa na umati. Kristofferson aliagizwa amwondoe. Yeye, mwanajeshi wa zamani aliyefunzwa kutii amri, alimwendea, akamtia moyo, akamwacha aimbe.

Ndugu zangu watumishi wa umma, maofisini mwetu maagizo ya namna hiyo hayakosekani: mwondoe huyu, mnyamazishe yule, faili hili lisionekane. Wanaoyatekeleza mara nyingi ni watu wenye shahada. Tukiwafundisha vijana kupanda vyeo tu, bila kuwafundisha wakati wa kukataa, tutakuwa tumewapa vyeti na kuwanyima elimu.