Nilimdanganya Mpwa Wangu Siku ya Pasaka

Tarehe 20 Aprili 2025, Jumapili ya Pasaka, mpwa wangu wa miaka minane aliniuliza mezani, watu wote wakisikia, kama kuku aliyepakuliwa alichinjwa na Mwislamu. Nikamjibu ndiyo. Haikuwa kweli, na nilijua kuwa si kweli.

Uongo huo ulianzia kwenye kuchagua kitoweo.

Kwetu Morogoro nyumba yenye dini mbili si jambo la kushangaza. Marehemu baba alikuwa Mkatoliki wa Matombo, dada zake wawili Waislamu, na mdogo wangu wa kike aliolewa na Mwislamu akasilimu. Baba alipokuwa hai hapakuwa na mjadala: Pasaka ni mbuzi. Jumamosi Kuu alasiri shemeji anafika, anamlaza mnyama kuelekea kibla, anachinja. Usiku sisi tunakwenda kwenye mkesha, na Jumapili mchana sote tunakula pilau kutoka sinia moja. Mwaka 2013, ugomvi wa nani achinje ulipozuka Buseresere mkoani Geita hadi mchungaji akauawa, baba alizima redio akasema kisu cha nyumba hii kiko mikononi mwa mkwe wake. Hakulirudia, wala hakukuwa na haja.

Alipofariki mwaka 2021, uamuzi wa chungu ukawa wangu. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na Pasaka nayo hufuata mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi, basi mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya mfungo. Mdogo wangu na familia yake wakawa wanakuja magharibi tu, wamebeba tende na sambusa zao, tunakaa nao ukumbini wakifuturu. Mchana tulibaki Wakristo peke yetu. Mwaka wa kwanza nilisema mbuzi mzima ni wa nini, nikaleta kitimoto. Wanangu wakafurahia. Mwaka wa pili nikaleta tena. Mwaka wa tatu hakuna aliyeuliza kitoweo ni nini, na mimi sikujiuliza.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu kosa langu lilikulia hapo kabla ya kuku hajanunuliwa. Kwa miaka mitatu nilikuwa nahesabu sahani bila kuwahesabu ndugu zangu.

Mwaka 2025 Idd ilisaliwa 31 Machi. Pasaka ilikuwa siku 20 baadaye. Jumanne ya Juma Kuu mama aliniita: "Baba, mwaka huu mdogo wako hafungi. Mbuzi yuko wapi?" Nilikuwa nimeshalipia kilo sita za nyama ya nguruwe. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tutawatengea kuku. Mama akasema, "Anayetengewa ni mgeni." Nikanyamaza. Muda wa kutafuta mbuzi ulikuwepo, siku nne nzima, na fedha sikukosa. Sikutaka tu kubadili nilichokuwa nimeamua.

Jumamosi nilichelewa kutoka kazini. Nilipofika sokoni mchinjaji wa kuku alikuwa ameshaondoka, nikanunua watatu wakiwa hai nikaenda nao nyumbani. Ningeweza kumpigia simu shemeji. Angekuja kwa bodaboda ndani ya nusu saa. Lakini kumpigia kungekuwa kumwambia kwamba mwaka huu nyumba ya baba yake mkwe haikumhitaji kwa mbuzi. Alfajiri ya Pasaka kijana anayetusaidia shambani, Mkristo kama mimi, aliwachinja nyuma ya jiko. Nikamwagiza asimwambie mtu. Agizo hilo ndilo linaloninyima neno la kusema kwamba nilipitiwa.

Mchana sinia la nguruwe lilikaa katikati ya meza. Bakuli la kuku niliwawekea pembeni, kule alikoketi mdogo wangu na wanawe. Shemeji alinawa, hakuuliza kitu, kwa sababu katika nyumba ile hakuwahi kuwa na sababu ya kuuliza. Mtoto ndiye aliyeuliza, kama anavyofundishwa madrasa. Kwetu Waluguru ukoo hufuata mama, na mjomba ana neno kubwa kwa watoto wa dada yake. Nilipomwambia ndiyo, hakumtazama hata baba yake ili kuhakikisha. Alisema bismillahi akala. Mama aliweka kijiko chini na hakula tena mchana ule.

Nilikaa na jambo hilo hadi Juni. Siku ya Idd ya Kuchinja mtoto huyohuyo alibisha hodi kwangu akiwa na paja la mbuzi kwenye sufuria: "Mjomba, baba kasema hili fungu lenu." Lilikuwa la udhia, lile fungu la ndugu na jirani. Sikuweza kulipika. Jioni nilikwenda kwao nikawaambia yote, bila kumtaja mtu mwingine wala kusingizia kuchelewa kazini.

Mdogo wangu alitoka akaenda uani. Shemeji alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema aliyekula bila kujua hana dhambi, na wapo wanazuoni wanaosema nyama ya Watu wa Kitabu inalika. "Lakini hilo lilikuwa langu kuamua, shemeji. Wewe umeniamulia." Sikuwa na jibu, wala sasa sina. Nikaomba radhi. Akaniambia radhi yake ninayo, ila mtoto nikamwambie mwenyewe.

Nilimwambia siku hiyohiyo, barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama bibi alijua. Nikasema bibi alijua kitu hakiko sawa. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Nimeacha nguruwe wa Pasaka, na kisu kimerudi kwa mwenyewe. Mdogo wangu anakuja na tunazungumza. Mpwa wangu naye anakuja, ananiamkia kwa adabu kama zamani, anakunywa maji na kula embe. Haniulizi tena nani kachinja.