Sehemu ya 9: Sikujua kama yuko hai

Kisa cha leo ni kizito kidogo. Kama una mimba na moyo wako mwepesi, kisome kesho mchana.

Ilikuwa zamu ya usiku. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo sana. Hakulia. Mwenzangu akaanza kumpa hewa kwa ambu, mimi nikasikiliza kifua. Mara nadhani nasikia pigo, mara kimya. Mama yake akainua kichwa: "Nesi, nakuomba umbatize mwanangu."

Nikaganda. Kwetu Wakatoliki sakramenti ni za walio hai. Nikimbatiza aliyekwisha kufa, si nachezea kitu kitakatifu? Na nikiacha, kumbe yuko hai? Muda wa kumpigia padri haukuwepo.

Bahati nzuri, Kanisa lilishaufikiria usiku kama ule. Mwaka 1679 Papa Inosenti XI alikataa fundisho kwamba katika kutoa sakramenti unaweza kuacha njia iliyo salama zaidi ukafuata ile inayoelekea tu kuwa sawa. Maana ukikosea, anayeumia ni mwingine. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilisema hivi kuhusu mimba iliyotoka: ikiwa hai kwa hakika, ibatizwe, kukiwa na shaka, ibatizwe kwa sharti. Sharti lenyewe ni neno moja: kama.

Ambu haikusimama. Nikachukua maji safi, nikammiminia kichwani: "Kama u hai, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Hatukumpata. Baadaye mama akanishika mkono: "Alikuwa hai ulipombatiza?"

Jamani, nilitamani kusema ndiyo. Nikamjibu, "Dada yangu, sijui. Ndiyo maana nilisema kama." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Basi Mungu anajua."

Tangu usiku ule, shaka hainifungi mikono tena. Ninapima, nasikiliza, nauliza kwanza. Ikibaki shaka na maisha ya mtu yako hatarini, nachagua upande unaomlinda yeye. Halafu sidanganyi kwamba nilikuwa na uhakika. Na wewe ukiwa na homa ya mtoto saa nane usiku, hujui uende hospitali au usubiri kuche, fanya hivyohivyo: nenda. Ukirudishwa nyumbani na panadol, hujakosea kitu.

Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, yeyote mwenye nia njema anaweza kumbatiza, hata asiye padri. Ila matibabu yasisimame. Akipona, toa taarifa parokiani.

Na wewe ambaye wako aliondoka bila maji, usijihukumu. Katekisimu inasema Kanisa linawakabidhi watoto hao kwenye huruma ya Mungu. Hapo ndipo na mimi nilipomwacha yule mdogo wangu.

Usiku mwema, mama zangu.