Guadeloupe wakati wa mvua

Mwezi wa saba huku kwetu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni kipwa. Asubuhi baridi inauma, vumbi iko kila mahali, na hakuna mtu mwenye kuangalia mawingu. Lakini mwezi ule ule, ng'ambo ya bahari kubwa ya Atlantika, kuna watu wanaoangalia mawingu mbele ya kuangalia saa. Ni watu wa Guadeloupe, kisiwa cha bahari ya Karibi. Kwao mvua inaanza mwezi wa sita na kwenda mpaka wa kumi na moja. Wafaransa wa zamani waliita wakati huo hivernage, ni kusema wakati wa baridi. Mimi sijui baridi hiyo waliiona wapi, maana ni joto tupu, joto la kulowesha shati mbele ya saa tatu ya asubuhi.

Wageni wenye feza wanakuja kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa ine, wakati jua ni kavu na upepo ni mwema. Wanalala mchangani kando ya bahari, wanapiga picha, wanarudi. Mimi ningekuambia wewe uende wakati wa mvua. Wakati ule kisiwa kinabakia na wenyewe, na unaona namna wanavyoishi na maji yao: maji yenye kuwalisha, maji yenye kuwabomolea, na maji yasiyofika ku robine.

Kwanza safari. Guadeloupe ni departema ya Ufaransa tangu mwaka 1946, feza yao ni euro. Usifikiri kwamba viza ya kuingia Paris inatosha. Kwa visiwa hivi inatakiwa viza iandikwe wazi kwamba ni ya kule, vinginevyo utarudishiwa ku uwanja wa ndege. Chukua na karatasi ya njano ya chanjo, sababu wanaiomba kwa watu wenye kutoka inchi zetu. Kutoka Paris ndege inaruka karibu saa nane mpaka Pointe-à-Pitre, na ukifika utarudisha saa yako nyuma saa sita kuliko ya Lubumbashi. Mwezi wa saba na wa nane bei ya ndege inapanda, sababu wana-Guadeloupe wenyewe wenye kukaa Ufaransa wanarudi likizo kwa wazazi. Beyi inashuka mwezi wa sita, na tena mwezi wa tisa na wa kumi. Mwezi wa tisa ndio wenye hatari ya zoruba kuliko yote, utaona sababu.

Ukitazama ramani, kisiwa kina umbo la kipepeo. Bawa la mashariki linaitwa Grande-Terre, ni inchi ya tambarare, ya mawe ya chokaa na miwa. Bawa la mangaribi linaitwa Basse-Terre, na huko ni milima na pori nzito. Kati yao kuna mkono mwembamba wa bahari, wanauita Rivière Salée, nawe unauvuka juu ya kilalo bila kujua umetoka kisiwa kimoja na kuingia kingine. Mu Basse-Terre kunasimama Soufrière, mlima wa moto wenye mita 1,467. Upepo unatoka mashariki, juu ya bahari, umejaa maji. Ukigonga mlima unapanda, unapoa, unamwaga. Huku Lubumbashi tunapata kama mita moja na robo ya mvua kwa mwaka. Kule juu ya Soufrière wanapata karibu mita kumi! Lakini ukishuka ku Grande-Terre, upande wa mashariki, ni sawa na kwetu ao pungufu. Mwendo wa saa moja na nusu tu kwa motokari, na umetoka mu pori lenye kulowana kila siku ukafika mahali ngombe wanatafuta majani.

Mvua yenyewe haifanane na yetu. Yetu inajitangaza: joto, upepo, ngurumo, kisha inanyesha. Ile inakuja ghafula kutoka bahari, unaisikia ku malata ya jirani mbele ya kuifikia yako, inapiga dakika kumi, inakwenda zake, jua linawaka tena. Watu hawakimbii. Wanasimama chini ya kibaraza cha duka, wanangojea, wanaongea. Hapo njo utajifunza Kikreoli chao zaidi kuliko mahali pengine.

Lakini kuna mvua ingine. Mwezi wa nane na wa tisa kunapita mawimbi ya hewa yenye mawingu mazito, na haya, ndugu msomaji, yanatoka kwetu Afrika. Yanazaliwa juu ya bara letu, yanasafiri kuelekea mangaribi, yanatokea ku bahari upande wa Cap-Vert. Mengi yanakufa njiani ao yanaleta mvua tu. Mengine yanakunywa joto ya bahari, yanaanza kuzunguka, na yanafika Karibi yamekuwa kimbunga. Kwa hiyo redio kule ina rangi: njano, orange, nyekundu. Ikifika violet, hakuna mtu anatoka nyumbani, hata kwa kufuata mbuzi wake. Kisha inakuja rangi ya majivu, ni kusema kimbunga kimepita lakini hatari bado iko njiani: nyaya zimeanguka, vilalo vimebebwa.

Wazee bado wanahesabu miaka kwa vimbunga. Kile cha tarehe 12 mwezi wa tisa 1928 kiliua watu zaidi ya elfu moja. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa tisa 1989 ilikuwa Hugo, na maelfu walibakia bila nyumba. Tangu hapo nyumba nyingi zikajengwa kwa beton. Na usiku wa tarehe ile ile, 16 kuamkia 17 mwezi wa tisa, mwaka 2022, ikapita Fiona. Fiona kule haikuwa bado kimbunga kamili, upepo wake haukutisha sana. Ni maji yake yalibomoa. Mito ya Basse-Terre ilifurika, njia na vilalo vikakatika, mipira mikubwa ya maji ya kunywa ikabebwa, na mtu mmoja akafa wakati mto ulichukua nyumba yake. Kwa hiyo ukienda mwezi wa tisa, fanya sawa wenyeji: weka maji ya kunywa, tochi, radio yenye pile, vyakula vya kopo, na uwajulishe jamaa yako mapema kwamba simu inaweza kunyamaza siku mbili tatu. Usivuke mto wenye maji mekundu. Ukisikia njia ya maporomoko ya Carbet imefungwa, usibishane. Yale maporomoko ni ya ajabu kweli, la pili linaanguka mita 110, lakini mawe yanaanguka nalo.

Sasa watu. Mu soko ya Pointe-à-Pitre usiulize bei mbele ya kusalimu. Mwanamke mwenye kuuza atakutazama tu, kama vile mama wa soko ya Kenya pale Lubumbashi angefanya kwa mtoto asiye na adabu. Sema kwanza «Bonjou», ndipo ndizi zitapata bei. Kula bokit, ni mkate wa kukaanga mu mafuta, wanaujaza samaki ao kuku. Kula dombré, madonge ya unga yaliyopikwa pamoja na maragi. Bukari hutaipata, vumilia.

Na jina la inchi yetu utalisikia. Ukisema «natoka Congo», wengine watafurahi, wengine watacheka kidogo, sababu kwa Kikreoli cha zamani kuita mtu «nèg kongo» ilikuwa ni kumtukana kwa weusi wake. Neno hilo lina historia. Utumwa uliisha Guadeloupe mwaka 1848. Wenye mashamba ya miwa wakakosa watu wa kukata. Basi kati ya mwaka 1857 na 1861 meli zikaleta Waafrika karibu 6,000, wengi wao kutoka pande za mlango wa mto Congo. Hawakuitwa watumwa. Walikombolewa kwa feza mikononi mwa wachuuzi wa watu, na kisha wakapewa mkataba wa miaka mingi ya kulipia ule ukombozi. Mimi siite hiyo uhuru. Wachache sana walirudi. Hawa hawakuwa watu wa Katanga, ni watu wa Bas-Congo, lakini kuna jamaa upande wa Capesterre zenye kukumbuka mpaka leo kwamba babu wao alitoka kule, na zimeshika nyimbo ambazo maneno yake hayakuwa Kifaransa wala Kikreoli.

Jina lote la mji ule ni Capesterre-Belle-Eau, maji mazuri. Na kisiwa chote, mbele ya Kristofa Kolombo kufika mwezi wa kumi na moja 1493, wenyeji walikiita Karukera, na inasemekana maana yake ni kisiwa cha maji mazuri. Basi utashangaa ukifungua robine mu nyumba ya mwenyeji wako na kusikia pumzi tu: fuuu. Mvua inapiga malata, na robine ni kavu! Mipira imezeeka chini ya udongo, zaidi ya nusu ya maji inapotea mbele ya kufika kwa watu. Maji yanatoka milima ya Basse-Terre, watu mingi wanakaa Grande-Terre, na njia kati yao inavuja. Kwa hiyo wanapeana zamu: leo kartie hii, kesho ile. Mama wa nyumba anajua ratiba kwa moyo. Utaona bidon na ndoo mu bafu, na tanki chini ya mfereji wa malata. Wewe wa Lubumbashi hutahitaji kufundishwa kuoga na kopo moja. Lakini usicheke: hawa ni raia wa Ufaransa, na fakture ya maji inawafikia bila kuvuja.

Kuna jambo ingine ambalo mvua inabeba, na hili halionekane kwa macho. Toka mwaka 1972 mpaka 1993 mashamba ya ndizi yalimwagiwa dawa ya kuua wadudu, jina lake klorodekoni. Marekani ilikuwa imekwisha kuacha kuitengeneza tangu miaka ya 1970, nyuma ya wafanyakazi wa kiwanda kuugua. Ufaransa iliikataza mwaka 1990, lakini kwa visiwa ikaongeza ruhusa mpaka 1993. Dawa ile haiozi. Inakaa mu udongo kwa miaka na miaka, pengine mamia, na kila mvua inaisukuma kidogo mtoni, kutoka mtoni mpaka baharini. Mahali pengine uvuvi umekatazwa. Uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba zaidi ya watu wazima tisa kwa kumi wanayo mwilini. Mwaka 2023 majaji wa Paris walifunga faili bila kushitaki mtu. Wasomaji wenye kukaa kando ya mito inayopokea maji ya viwanda vyetu watafahamu mara moja hasira ya wale wavuvi.

Mgeni asiogope kula, lakini aulize. Matunda ya mtini, maembe na fouyapen, hata ndizi zenyewe, hazishiki sana ile sumu. Ni vile vinavyokaa chini ya udongo, viazi vitamu, viazi vikuu na dachine, njo vinaikamata. Kwa hiyo ku soko utasikia watu wakiuliza muuzaji: «Hivi vimetoka wapi?» Si kwa kumsumbua. Wanataka kujua kilima gani.

Malaria kule hakuna, lakini mbu wa denge wako wengi wakati huu, paka dawa na umwage maji ya vyombo. Usitembee miguu tupu mu matope nyuma ya mvua.

Kama unaweza, ngojea mpaka tarehe moja mwezi wa kumi na moja. Sisi Waprotestanti hatuna desturi hiyo, lakini nenda uone. Mbele ya siku ile jamaa zinasugua makaburi, zinayapaka rangi. Yale ya Morne-à-l'Eau yanapanda kilima, meupe na meusi kama ubao wa dama. Magaribi mishumaa inawashwa, maelfu, na watu wanakaa pale wakisalimiana, watoto wanakula karanga, wenye kutoka mbali wanaulizwa habari za mwaka. Mara nyingi mvua inapita katikati. Watu wanafungua miavuli juu ya mishumaa kwanza, juu ya vichwa vyao nyuma.