Lubumbashi, Mji wa Watu Wasioandikwa

Mgeni afikaye Lubumbashi huonyeshwa kwanza bomba refu la moshi na mlima mweusi ulio karibu nalo. Mlima huo si wa asili. Ni mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa tanurini tangu 1911, mwaka ule shaba ya kwanza ilipotoka. Twatazama mlima, nasi twajiuliza: mikono iliyochimba mawe hayo ilikuwa ya nani?

Wanafunzi wetu husoma habari za Australia. Mnamo Januari 1788 merikebu 11 za Waingereza zilifika huko zikichukua wafungwa zaidi ya 700, wanaume kwa wanawake, na wengi wao kosa lao lilikuwa wizi tu. Wakalazimishwa kukata miti na kufyatua matofali, na wenyeji wa nchi wakanyang'anywa ardhi yao. Ndivyo ulivyoanza mji wa Sydney.

Mji wetu haukuanzishwa uwe makao ya wafungwa. Wabelgiji waliupima chini ya Emile Wangermée mwaka 1910, reli ya kutoka Rhodesia ikaufikia mwaka uo huo, nao ukaitwa Élisabethville kwa heshima ya malkia wao. Jina la Lubumbashi ulipewa mwaka 1966. Lakini kazi ilihitaji watu, na watu walikuwa vijijini. Kwa hiyo mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, chama cha kuwatafutia matajiri wafanyakazi. Machifu walishurutishwa kutoa vijana. Wakaja watu wa Luapula, Lomami, Kasai na Maniema, na baadaye Ruanda na Urundi. Wengi walitembea siku nyingi kwa miguu, na wengine walifika tayari wamedhoofika.

Katika kambi za kwanza walilala wamesongamana. Kuhara damu na kichomi viliwaua wengi. Mwaka 1918 mafua makali yakaongeza makaburi. Aliyekosa kazini alijua fimbo ya ngozi ya kiboko. Sheria ya 1922 iliruhusu mtu aliyevunja mkataba wa kazi kutiwa gerezani. Tazameni tofauti: Mwingereza alihukumiwa kwanza, ndipo akapelekwa kazini, Mwafrika alipelekwa kazini kwanza, na akitoroka ndipo akawa mfungwa. Hata mji wenyewe uligawanywa: Wazungu upande mmja, Waafrika upande mwingine, na kati yao uwanda mtupu.

Gereza nalo lilikuwa na watu wake. Simon Kimbangu, katekista wa Kibaptisti kutoka Kongo ya Chini, alihukumiwa kufa mwaka 1921 kwa ajili ya mahubiri yake; adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa hapa, mbali kabisa na kwao, akakaa gerezani miaka 30 hata akafa tarehe 12 Oktoba 1951.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliona kwamba mfanyakazi mwenye mke na watoto hudumu kazini. Ikajenga nyumba, zahanati na shule. Ilitafuta faida yake. Lakini wana wa makabila mengi walikua pamoja, wakasema Kiswahili, wakauita mji huu kwao. Basi Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma kudai mshahara wa haki, askari waliwapiga risasi, na makumi ya watu wakafa.

Majina ya magavana yameandikwa vitabuni. Ya wachimbaji, machache mno. Ndiyo maana twamheshimu André Yav, ambaye mwaka 1965 alipiga chapa kwa Kiswahili historia ya mji huu, kama walivyoijua watumishi wa nyumbani na wafanyakazi wenyewe. Hakungoja wataalamu wa mbali wamwandikie. Wataalamu ndio waliokuja baadaye kusoma maandishi yake.

Enyi wazazi, bado mnazo nyumbani karatasi za kazi za babu zenu, na picha zisizo na jina nyuma. Msiziache ziliwe na mchwa. Nanyi wanafunzi, kaeni na bibi jioni, mwulizeni babu yake alitoka kijiji gani, alipita njia gani, na nani alimpeleka. Kisha andikeni. Mlima mweusi hautasema neno. Wazee watasema, wangali hai.