Huyu ni Mwana wa Nani?



Sisi watu wa pwani tuna swali moja ambalo halitutoki ulimini: "Huyu ni mwana wa nani?" Mgeni hajamaliza kikombe chake cha kahawa, tumekwisha kumuuliza. Posa ikija, ndilo la kwanza. Leo nataka nikuhadithie jinsi swali hili lilivyonichukua mbali, kisha likanirudisha mlangoni kwangu na kunitia haya.

Binti yangu alikwenda Marekani kusomea uuguzi, akapata kazi huko. Baada ya miaka alikuja kijana kumposa, Mmarekani mweusi, Mwislamu tangu kwa baba yake, mwenye adabu na mshika swala. Mimi nilimridhia. Lakini mkubwa wa nyumba yetu ni ami yangu, na ami alitaka kusikia nasaba. Kijana akamtaja baba yake, na babu yake, na baba wa babu yake, kisha akasita. Binti yangu akatufasiria: "Anasema babu wa babu yake alikuwa mtumwa Kentucky, halafu akawa askari. Zaidi ya hapo hajui."

Ami alinigeukia, akasema kwa upole, na upole wenyewe ulinichoma: "Mwanangu, dini anayo, lakini kufu hana. Wazee walisema, mkataa kwao mtumwa." Nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Kijana alipofasiriwa hakukasirika. Alijibu: "Mimi sikukukataa kwetu. Nilinyang'anywa."

Posa ikawekwa kando. Mwaka uliofuata nilikwenda kumtazama binti yangu, na kijana akaniomba tufuatane hadi Washington, penye nyumba kubwa ya nyaraka za taifa, akamtafute yule askari. Nilikwenda. Niliona ni haki yake, na pengine nilitaka kuipoza dhamiri yangu.

Lazima nikueleze, msomaji, kwa nini kazi hiyo ni nzito. Katika hesabu za watu zilizofanywa nchini humo mwaka 1850 na 1860, watumwa wengi hawakuandikwa majina. Liliandikwa jina la bwana, na chini yake umri, jinsia na rangi, kama mtu anavyohesabu mifugo. Ni hesabu ya mwaka 1870 iliyowaandika kwa majina yao. Kwa hiyo mjukuu anayerudi nyuma hufika mwaka huo, akagonga ukuta.

Lakini katikati yake vilipita vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangu 1861 mpaka 1865, na jeshi halimwandiki mtu bila jina. Watu weusi wapatao 179,000 waliingia katika jeshi la serikali ya Kaskazini, na faili zao zimehifadhiwa. Yule babu tulimkuta katika Kikosi cha 116 cha askari wa miguu weusi, kilichoundwa mwaka 1864 katika kambi ya Camp Nelson, huko Kentucky. Karatasi ilitaja umri wake, kimo chake, kazi yake ya shamba, na jina la bwana aliyemmiliki. Penye sahihi palikuwa na alama tu, kwani hakujua kuandika.

Kijana aliiwekea alama ile kidole chake bila ya kuigusa.

Utauliza, mtumwa apigane kwa ajili ya nini? Tangazo la uhuru la Januari 1863 halikuigusa Kentucky, kwa kuwa haikujitenga na serikali. Huko mlango wa uhuru ulikuwa jeshi. Mwanamume akiandikwa, alikuwa huru. Lakini mkewe na wanawe walibaki mali ya bwana. Wengi waliwafuata waume zao hadi Camp Nelson, wakajenga vibanda. Mwezi wa Novemba 1864, katika baridi kali, mkuu wa kambi aliamuru wafukuzwe, watu wapatao 400, na vibanda vyao vikabomolewa. Zaidi ya 100 walikufa. Kishindo cha habari hiyo kilisaidia kuzaa sheria ya Machi 3, 1865, iliyowapa uhuru wake na watoto wa askari hao. Kikosi cha 116 kilipigana Virginia hadi jeshi la Kusini liliposalimu amri Appomattox, Aprili 1865. Kisha kikapelekwa Texas, kikavunjwa Januari 1867.

Faili ya pili ndiyo iliyonitoa machozi. Askari alipokufa, mjane wake aliomba malipo ya ujane. Serikali ikamtaka athibitishe kuwa alikuwa mke. Vipi, na ndoa ya watumwa haikutambuliwa na sheria? Basi wakaitwa mashahidi. Jirani alisema aliwaona wakikaa mke na mume tangu kabla ya vita. Mkunga aliwataja watoto aliowapokea kwa mikono yake, mmoja baada ya mmoja. Na mjane mwenyewe, alipoulizwa asili ya mumewe, alimtaja baba yake, na mama yake, na shamba alikouzwa mama huyo.

Kijana akainua kichwa. "Baba," akaniambia, "nimepata wawili zaidi."

Niliporudi Mombasa na nakala za karatasi zile, nilimsomea ami barazani, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaagiza aletewe kasha lake, akatoa shajara ya ukoo wetu, majina 11 ya wanaume, wa kwanza hadi wa mwisho. Akaniuliza, "Babu yako, huyu hapa. Mama yake ni nani?"

Sikujua.

"Alikuwa suria," akasema. "Aliletwa mtoto mdogo kutoka Nyasa. Mimi nimemdiriki, alinibeba mgongoni. Jina tulilokuwa tukimwita, sisi ndio tuliompa. La kwao hakuna aliyemuuliza."

Sheria yetu humpa mwana wa suria uhuru na nasaba ya baba yake kamili. Tukaishika nasaba ya baba, tukamtupa mama. Utumwa ulifutwa pwani yetu ya Kenya mwaka 1907, lakini ukimya wake ungali umekaa majumbani mwetu. Yule mjane wa Kentucky, aliyedhulumiwa kila kitu, aliulizwa, na maneno yake yakaandikwa. Bibi yetu sisi, aliyelala chini ya dari yetu, hakuulizwa.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Ahzab tuwaite watu kwa baba zao, na tusipowajua baba zao, basi wao ni ndugu zetu katika dini. Aya hiyo ami aliihifadhi tangu utotoni. Siku ile aliisoma kwa sauti ndogo, akaniambia, "Mwandikie kijana aje."

Nikaha ilifungwa, alhamdulillahi. Nasi katika shajara tumeongeza mstari mmoja wa mama, na mahali pa jina lake la kwao tumepaacha wazi.

Ndugu msomaji, nyumbani kwako yupo mzee anayekumbuka. Kaa naye kabla hajaondoka. Usimuulize wanaume tu.