Kavumu, na Pikipiki Iliyozeeka

Wengi wenu pembeni ya ziwa na kule juu Numbi munaijua pikipiki yangu hata kama hamunijui mimi. Ilikuwa DT 125 ya Yamaha, nyeupe iliyogeuka rangi ya udongo, na sauti yake ilifika kijijini mbele yangu. Wamama walisema, "Pasteri yuko anakuja," wakaweka maji kwenye moto, nami bado niko upande mwingine wa mlima.

Kanisa liliinunua ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa wengine, nami niliipanda miaka 14. Mwaka 2023, mwezi wa saba, niliipeleka Kavumu na swali moja: niitengeneze tena ao niiache?

Katika mfuko wa koti mulikuwa bahasha ya dola 1,150. Sehemu kubwa ilikuwa mchango wa wazee wa kanisa, walionipa ruhusa ya kutengeneza ao kuuza, vile nitakavyoona. Lakini dola 200 zilikuwa za nyumbani, minerval ya binti yetu aliyekuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Mama ya watoto alizitia yeye mwenyewe ndani ya bahasha, akasema, "Nakuazima. Ukirudi nazihesabu."

Nilitoka asubuhi mapema. Toka Nyabibwe kuelekea Kalehe lazima upite Nyamukubi na Bushushu. Tarehe 4 mwezi wa tano mwaka ule mito ilishuka kutoka milimani na mawe makubwa, ikafagia nyumba na soko, na watu zaidi ya 400 walikufa. Miezi miwili ilikuwa haijatimia vizuri. Nilitaka kuzima moteri na kusimama kidogo. Sikuzima. Niliogopa isiwake tena. Nikapita mahali pale polepole, na kelele na moshi wa buluu nyuma yangu, na watu waliokuwa wanachimbua vitu vyao katika mawe wakaniangalia. Haya niliyoisikia siku ile ilinifuata mpaka Katana.

Kavumu unaifikia ukipita Katana. Kwa mtu anayetoka Bukavu ni kilometre karibu 30 kuelekea kaskazini, na kabla yake ni Miti, pale barabara ya Tshivanga na Bunyakiri inapoachana na hii ya Goma kuingia katika mbuga ya Kahuzi-Biega. Ukisimama sokoni Kavumu na kuangalia magharibi, kama mawingu yanakubali, unaona mlima Kahuzi wenye metre 3,308. Upande wa juu kuna Lwiro, na majengo ya watafiti yaliyoanzishwa mwaka 1947, makubwa kupita yote ya pale. Baridi ya Kavumu ni ya kweli. Uwanja wa ndege uko kwenye urefu wa metre 1,700 na zaidi, na mvua ya mchana haiombi ruhusa. Siku ile ndege ya abiria ilishuka juu ya vichwa vyetu na hakuna aliyeinua macho, isipokuwa mimi mtu wa karyeri. Mwezi wa Februari 2025 vita ilifika mpaka kwenye uwanja huo, na nikifikiria Kavumu sasa nasikia kwanza ile ndege.

Basi, pembeni ya barabara kuna mafundi. Hawana nyumba kubwa: bâche, sanduku la funguo, na udongo mweusi kwa mafuta. Fundi wangu ni kijana wa pale, mikono yake inajua DT kama mkunga anavyojua tumbo. Akaniambia, "Papa Pasteri, tuifungue kwanza, ndiyo tuongee."

Hapa nieleze kidogo, maana wachimbaji wengi wananunua pikipiki baada ya kupata bei nzuri na hawaulizi kitu. DT ni ya moteri ya hatua mbili. Pistoni ikipanda na kushuka mara moja, moto umewaka. Hizi TVS na Boxer munazoziona kila mahali ni za hatua nne: pistoni inapanda mara mbili na kushuka mara mbili, ndipo iwake mara moja. Kwa hiyo ile ya hatua mbili ni nyepesi, haina valvu, na ukivuta gazi inaruka kama mbuzi. Ndiyo sababu vijana wanaipenda, na ndiyo sababu pikipiki za mashindano zilikuwa za namna hiyo miaka mingi. Hata mashine ya kukatia mbao ni ndugu yake.

Lakini inakula. Haina mafuta yanayokaa chini ya moteri. Inachoma mafuta yake pamoja na esansi. Yamaha waliweka pompi ndogo ya kupima mafuta hayo, lakini yangu ilikufa zamani, fundi mmoja akaitoa, nami nikawa nachanganya kwa mkono, litre moja kwa litre 25. Ukikosea kidogo upande huu, buji inajaa masizi. Ukikosea upande ule, pistoni inashika. Na sisi wa milimani tuko na hatari ya pekee: ukishuka kutoka Numbi na gazi imefungwa, moteri inazunguka kwa nguvu lakini haipati esansi, kwa hiyo haipati mafuta pia. Niliwafundisha vijana wengi kuvuta gazi kidogo kidogo wakati wa kushuka. Mimi mwenyewe nilisahau mara mbili. Tena kuna mafuta ya uongo. Kopo moja nililonunua kwa duka fulani, likiwa na muhuri mzuri kabisa, lilinigharimu pistoni nzima.

Fundi akatoa silinda, akapangusa juu ya pistoni na kitambaa, akanionyesha namba: 100. "Unaona? Ilikwisha kuongezwa milimetre nzima. Hakuna pistoni kubwa kupita hii."

Maana yake silinda ilikwisha kupanuliwa mpaka mwisho. Njia iliyobaki ni kuipeleka Bukavu kwa watu wa turu, watie chemise mpya, kisha kutafuta pistoni ya kipimo cha kwanza. Hiyo inawezekana. Moteri ingepata miaka mingine mitatu, labda mine. Niseme ukweli, moyo wangu ulitaka hivyo. Kwenye matope ya Numbi DT iko juu, chuma zake za mbele ni ndefu, inapita juu ya mawe ambapo TVS inagusa tumbo. Lakini kuja Kavumu na kurudi ilikunywa litre saba, na jirani yangu na TVS yake anatumia nusu yake. Na piesi za TVS zinauzwa hata Nyabibwe, kati ya sabuni na chumvi. Pikipiki ambayo piesi zake ziko mbali ni pikipiki ya mtu mwenye wakati. Nikamwambia fundi, tunaiacha.

Ndipo kijana mmoja akaja, motari wa pale. Alikuwa ameisikia wakati naingia. "Pasteri, nakupa 400. Hii ndiyo pikipiki ya kweli." Nikahesabu upesi. TVS mpya pamoja na karatasi zake walikuwa wananiuliza 1,350. Na hizo 400, minerval ya binti inabaki nzima, dola 200, kama nilivyoipokea.

Silinda ilikuwa chini, kwenye gunia. Fundi akaniangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Huyu hajui kusoma ile namba." Halafu akaanza kutafuta ufunguo ambao ulikuwa mkononi mwake.

Sitasema kwamba nilijibu palepale. Nilikwenda kununua chai. Nilikunywa nusu, nikarudi, nikaokota pistoni, nikamwonyesha kijana na kumweleza yote: namba, turu, pompi iliyotolewa. Alinyamaza. Kisha akasema, "Basi 230." Nilijaribu 280. Akakataa. Alikuwa na haki.

Nilinunua TVS, nikabaki na dola 30. Nilitia esansi, nikaagana na fundi, nikarudi kaskazini. Pale Bushushu nilizima moteri, nikashuka, nikakaa juu ya jiwe mpaka jua likaanza kushuka. Nilipobonyeza kitufe, ikawaka.

Nilifika nyumbani giza limeingia. Mlango ulikuwa umefungwa na taa imezimwa. Hakuna aliyesikia kitu. Nikagonga. Mama ya watoto akafungua, akaangalia ile pikipiki nyekundu, akanyosha mkono kwa bahasha.

Tulikaa mezani mpaka usiku sana. Asubuhi yeye ndiye aliyekwenda kuongea na mkuu wa shule, na alikubaliwa kulipa mara tatu.